Sura ya Saba: Nitaishi Miaka Mingapi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na karibu kila mara huulizwa mwisho. Mgonjwa amekaa na bahasha kubwa ya picha mapajani. Daktari amekwisha kueleza yote: kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari, si saratani, dawa zipo, upasuaji upo. Mgonjwa anaitikia kila kitu. Kisha anainuka, anashika kitasa cha mlango, anageuka: "Daktari, kwa hiyo nitaishi miaka mingapi?" Ndugu aliyemsindikiza anainamisha kichwa, maana naye ndilo alilotaka kuuliza tangu asubuhi.

Jibu fupi ni hili: mwenye uvimbe wa pituitari usio wa saratani, akitibiwa na akafuatiliwa, kwa kawaida huishi miaka inayokaribiana sana na ya jirani yake asiye na uvimbe. Jibu refu lina masharti, na masharti hayo hayako pale watu wanapodhani. Wengi huuogopa uvimbe wenyewe. Mimi nitakuomba uziogope zaidi homoni.

Njegere kwenye tandiko

Pituitari ni tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa nusu gramu hivi. Gusa pale pua inapoanzia, katikati ya macho, kisha fikiria mstari ulionyooka kwenda kisogoni. Huko ndani, chini kabisa ya ubongo, ndiko ilikoning'inia kwa kikonyo chembamba kama tunda. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa ambacho waganga wa zamani wa Ulaya walikiona kinafanana na tandiko la farasi la Waturuki. Jina hilo, tandiko la Kituruki, limeganda kwenye vitabu vya udaktari hadi leo.

Kazi yake ni kuamuru kwa kutumia homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzitengeneza mahali pamoja na kuzisafirisha kwa damu zikafanye kazi mahali pengine. Pituitari huiamsha tezi ya shingo, huziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo, huziamsha ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Hutoa homoni ya ukuaji. Hutoa prolaktini, inayoleta maziwa kwa mzazi. Huachilia pia homoni inayozuia maji ya mwili yasiishie yote kwenye mkojo.

Vitabu vya shule huiita tezi kuu. Mimi naiona kama mnyapara: yeye habebi gunia, lakini akilala kuli wote hukaa chini, na akipagawa huwakimbiza mpaka waanguke. Shika mfano huo, maana habari yote ya umri wa mgonjwa imo humo.

"Si saratani" maana yake nini?

Saratani hula tishu zilizo jirani na kusafiri kwenda viungo vya mbali. Uvimbe tunaouzungumzia hausafiri. Ni seli za tezi zilizoongezeka kupita kiasi na kubaki palepale. Saratani ya kweli ya pituitari ipo, lakini haifikii hata mgonjwa mmoja katika kila 100 wenye uvimbe wa tezi hii.

Tena viuvimbe vidogo vya pituitari ni vya kawaida kuliko unavyofikiri. Watafiti waliochunguza tezi za watu waliokufa kwa sababu nyingine, na picha za vichwa vya watu waliopimwa kwa mambo mengine, wamevikuta kwa takriban mtu mmoja katika kila sita. Wengi huzaliwa, huoa, huzeeka na kuzikwa navyo bila kujua. Wanaougua kwa sababu ya uvimbe ni wachache zaidi: hesabu iliyofanywa kwa makini kule Liège, Ubelgiji, na kutolewa mwaka 2006, ilipata takriban mmoja katika kila watu 1,000.

Kwenye ripoti ya kipimo chako tafuta milimita. Uvimbe usiofika milimita 10 huitwa mdogo; wa milimita 10 au zaidi huitwa mkubwa. Kipimo chenyewe huwa ni MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku.

Sasa, neno "si saratani" ni habari njema inayoweza kumponza mtu. Nimeona familia zikichinja mbuzi wa shukrani siku ya majibu, kisha mgonjwa asirudi kliniki miaka mitatu. Kwao, kisichokuwa saratani ni kama kijipu: kikiacha kuuma, kimekwisha.

Zile 97 katika 100

Marekani wana daftari la taifa la uvimbe wa ubongo na majirani zake. Linaonyesha kwamba katika kila watu 100 wenye uvimbe wa pituitari, 97 hivi huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa, wakilinganishwa na watu wa rika lao.

Hayo maneno ya mwisho, "wakilinganishwa na watu wa rika lao," ndiyo muhimu. Mzee wa miaka 75 mwenye uvimbe anaweza kufa kwa nimonia au kwa ajali ya barabarani, na uvimbe usiwe na hatia. Kwa hiyo wataalamu huwaweka wagonjwa upande mmoja, na upande wa pili watu wenye umri uleule na jinsia ileile wasiougua, kisha huangalia ni upande gani unapungua haraka. Pande zikipungua kwa mwendo mmoja, ugonjwa haukati umri.

Lakini miaka 5 inamsaidia nini dada wa miaka 28? Yeye anataka kujua kama atamwona mwanawe akioa. Kwa swali lake inabidi tuache hesabu ya jumla na kuuliza: uvimbe wako ni wa aina gani?

Majitu waliokufa vijana

Mwaka 1783 alifariki London kijana wa Ireland aliyeitwa Charles Byrne. Alikuwa na miaka 22 na urefu wa zaidi ya sentimita 230, na watu walikuwa wakilipa kumtazama. Alijua kwamba wapasuaji waliutamani mwili wake, akausia azikwe baharini. Haikusaidia: daktari John Hunter aliupata mwili, na mifupa ikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho kwa zaidi ya miaka 200. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2023, mifupa haikurudishwa kabatini. Huko nyuma, mwaka 1909, daktari Mmarekani Harvey Cushing alikuwa ameomba fuvu lile lifunguliwe. Kile kishimo cha tandiko kilikuwa kimepanuka: njegere ilikuwa imekua kuliko nyumba yake.

Jirani zetu wa Msumbiji walikuwa na Gabriel Estêvão Monjane, aliyezaliwa 1944 na kufikia karibu mita mbili na nusu. Alizungushwa kwenye sarakasi za Ureno kama kitu cha ajabu, akafariki 1990. Na wapenzi wa mieleka watamkumbuka Mfaransa André Roussimoff, aliyejulikana kama André the Giant. Moyo wake ulisimama mwaka 1993, akiwa na miaka 46.

Ugonjwa hapa ni wingi wa homoni ya ukuaji. Ukianza utotoni, kabla mifupa haijafunga, mtu hurefuka bila kikomo. Ukianza utu uzimani, urefu haubadiliki. Badala yake viganja na nyayo hunenepa, taya husogea mbele, sauti huwa nzito, meno huachana. Hali hiyo huitwa akromegali. Huja polepole mno, hata mtu wa nyumbani haoni. Mgonjwa hulalamika kwamba pete ya ndoa haivuki kifundo cha kidole, au kwamba alikuwa akivaa kiatu namba 41 na sasa anatafuta 44. Mara nyingi hupita miaka mitano au zaidi kabla jina la ugonjwa halijatajwa. Ndiyo maana daktari mjanja huomba kitambulisho chako cha zamani na kuweka ile picha karibu na uso wako wa leo.

Kinachowaua watu hawa ni moyo uliotanuka, shinikizo la damu, kisukari, na pumzi inayokatika usingizini. Zamani hatari yao ya kufa katika mwaka wowote ilikuwa karibu mara mbili ya watu wa rika lao. Lakini homoni ya ukuaji ikishushwa hadi kiwango cha kawaida, kwa upasuaji, kwa sindano za kila mwezi au kwa mionzi, tofauti hiyo karibu hufutika. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye urefu wa sentimita 251, alitibiwa Marekani mwaka 2010 kwa mionzi na dawa, na hatimaye ukuaji ukakoma. Byrne hakuwa na bahati ya kuzaliwa karne hii.

Uso wa mwezi

Huyu Cushing ndiye aliyeandika mwaka 1932 kuhusu kundi jingine: watu wenye uso wa mviringo kama mwezi mpevu, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, michirizi ya zambarau tumboni, shinikizo la damu na mifupa inayovunjika ovyo. Kiuvimbe chao mara nyingi ni kidogo mno, wakati mwingine hata MRI hukikosa. Lakini kinaamrisha tezi za juu ya figo zitoe kotisoli bila kupumzika. Kotisoli ni homoni inayousaidia mwili kuhimili mshtuko, njaa na maradhi. Ikizidi kwa miezi na miaka, inautafuna mwili uleule.

Ugonjwa wa Cushing ndio hatari kuliko wote katika sura hii. Kabla tiba haijapatikana, nusu ya wagonjwa walikufa ndani ya miaka 5. Milimita nne au tano za uvimbe, na mtu anakwenda! Nikisikia mtu akisema "changu ni kidogo tu," humkumbusha ugonjwa huu. Hapa ukubwa wa uvimbe hausemi lolote, kinachosema ni kotisoli. Mpasuaji mzoefu akikitoa chote, umri wa mgonjwa hurudi kukaribia wa rika lake, ingawa moyo uliochoshwa miaka mingi unahitaji kuangaliwa daima.

Maziwa bila mtoto

Uvimbe unaotoa prolaktini ndio unaoonekana zaidi kliniki, na ndio wenye habari nzuri zaidi. Mwanamke hukosa hedhi, maziwa hutoka hali hana mtoto, mimba haishiki. Mwanamume hupoteza hamu na nguvu za ndoa, naye huenda kutafuta mizizi sokoni badala ya kupima damu. Ndoa ngapi zimevunjika, na mashangazi wangapi wamesingiziwa uchawi, kwa sababu ya njegere hii!

Tiba yake kwa kawaida ni vidonge: kabegolini, ambayo wengi huinywa mara moja au mbili kwa wiki, au bromokriptini iliyotangulia. Uvimbe husinyaa, hedhi hurudi, na wengi hupata watoto. Kwa wengi wao uvimbe huu haupunguzi umri.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* homoni ya ukuaji au kotisoli ikibaki juu, umri hupungua. Ikishuka, umri hurudi. Prolaktini husumbua uzazi kuliko uhai.

Uvimbe usiosema kitu

Kuna uvimbe ambao hautoi homoni yoyote ya kuonekana. Huu hukua kimya hadi ubane majirani. Jirani wa juu ni njia panda ya mishipa ya macho. Ikibanwa, mtu huona vizuri mbele lakini pembeni pote ni giza. Bodaboda anayetokea ubavuni humwoni. Unagonga mwimo wa mlango kwa bega, unanunua miwani mipya, nayo haisaidii kwa sababu jicho halina kosa. Macho yakikaguliwa mapema na uvimbe kuondolewa, uwezo wa kuona hurudi kwa wengi. Ukichelewa sana, haurudi.

Upasuaji wenyewe huwashangaza watu: hupitia puani. Njia hiyo ilijaribiwa kwa mara ya kwanza Innsbruck, Austria, mwaka 1907, na Jules Hardy wa Montreal akaiboresha miaka ya 1960 kwa kutumia hadubini ya upasuaji. Leo wapasuaji huingiza kamera nyembamba, nywele hazinyolewi na fuvu halitobolewi juu. Dar es Salaam, taasisi ya MOI pale Muhimbili imekuwa ikiondoa uvimbe kwa njia hiyo. Mikononi mwa timu iliyozoea, wanaofariki kwa upasuaji huu hawafiki mmoja katika 100. Muulize mpasuaji wako bila haya: kwa mwaka unafanya wangapi? Katika upasuaji huu mazoea ya mkono yana uzito kuliko jina la hospitali.

Wakati mwingine kipande hubaki, kwa sababu kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu. Vipande hivyo vinaweza kukua tena, pengine baada ya miaka kumi. Mionzi huvizuia, lakini nayo hukausha tezi polepole kwa miaka. Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu limekata umri wa watu wengi kuliko uvimbe wowote.

Mnyapara akilala

Uvimbe mkubwa, upasuaji au mionzi vinaweza kuiacha pituitari ikiwa dhaifu. Homoni zinapungua moja baada ya nyingine. Mwaka 1990 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walitangaza matokeo ya kufuatilia zaidi ya wagonjwa 300 wa namna hii: waliokufa walikaribia mara mbili ya idadi iliyotarajiwa kwa rika lao, wengi kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Tangu wakati huo tiba ya kurudisha homoni imeboreshwa sana, na pengo limepungua. Halijapungua kwa anayeacha vidonge.

Kidonge kisichosamehe ni cha kotisoli, yaani haidrokotisoni au prednisoloni. Mtu mzima mwenye afya, akipata malaria, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe usiku uleule. Wako hauwezi. Una kiasi ulichomeza asubuhi, basi. Homa inapanda, kotisoli haipandi, shinikizo la damu linashuka, sukari inashuka, unatapika, unachanganyikiwa, unazimia. Watu wa nyumbani wanasema malaria imepanda kichwani. Mgonjwa anaweza kufa kesho yake, na uvimbe wake ulishatolewa miaka minane iliyopita.

Kwa hiyo yashike haya kama unavyoshika namba ya simu ya nyumbani:

- Usiache vidonge hata siku moja, hata ukijisikia mzima. Unajisikia mzima kwa sababu unavinywa.
- Ukipata homa, ongeza dozi mara mbili au tatu kama daktari wako alivyokuelekeza, mpaka homa iishe.
- Ukitapika kidonge, usisubiri asubuhi. Unahitaji sindano.
- Kabla ya kung'olewa jino, kujifungua au kupasuliwa, mwambie anayekuhudumia.
- Kama tezi ya shingo nayo imepungukiwa, kidonge cha kotisoli hutangulia kuanzishwa. Kuanza na cha shingo peke yake kunaweza kukuangusha.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo vitabu vya Ulaya huyapita haraka. La kwanza ni kifua kikuu. Dawa yake ya rifampisini hulifanya ini livunje haidrokotisoni upesi kuliko kawaida, kwa hiyo dozi iliyokutosha mwezi jana haikutoshi leo. Daktari wa kifua kikuu na wa homoni ni lazima wajuane, na kama hawajuani, mpatanishi ni wewe. La pili ni Ramadhani. Anayetegemea vidonge hivi yuko katika hatari ya kweli akifunga, na aliyepungukiwa na ile homoni ya kuzuia maji, anayekojoa na kunywa usiku kucha, yuko katika hatari zaidi. Zungumza na daktari tangu Shaabani, usingoje mwezi uandame. Ruhusa ya mgonjwa ipo.

Kliniki inayoachwa

Ratiba ya kawaida baada ya upasuaji ni MRI ndani ya miezi mitatu hadi sita, kisha mara moja kwa mwaka kwa miaka kadhaa, kisha kwa nafasi. Damu hupimwa pamoja. Najua gharama za MRI, na najua nauli ya kutoka Kigoma. Mwenye uvimbe wa prolaktini uliosinyaa anaweza kufuatiliwa zaidi kwa kipimo cha damu, ambacho ni rahisi kuliko picha. Uliza kipi ni cha lazima mwaka huu na kipi kinaweza kungoja, kisha usikose kile cha lazima.

Na maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kupata, yakiambatana na kutapika, kuona viwili au giza machoni, hayangoji tarehe ya kliniki. Huenda uvimbe umevuja damu ndani. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Yule aliyeshika kitasa cha mlango ningemrudisha akae dakika mbili zaidi. Ningempa kipande cha karatasi ngumu na kalamu. Kama nawe unatumia vidonge vya kotisoli, chukua yako sasa, uandike kwa herufi kubwa, pamoja na jina lako na simu ya ndugu: "PITUITARI YANGU HAIFANYI KAZI. NIKIZIMIA AU NIKITAPIKA MFULULIZO, NICHOMWE HAIDROKOTISONI MILIGRAMU 100 MARA MOJA." Iweke kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, na mwambie unayelala naye nyumba moja kwamba ipo hapo.